Ogiek wa Mau: hukumu wanayo, ardhi bado

Mwanzoni mwa Novemba 2023, mvua za vuli zikiwa zimechachamaa, askari wa misitu na polisi waliingia Sasimwani, upande wa Narok wa Msitu wa Mau nchini Kenya, wakaanza kubomoa nyumba za Waogiek. Mamia ya watu, wakiwemo wazee na watoto wa shule, walibaki nje bila paa. Sababu iliyotolewa ni ileile iliyotolewa katika fukuzafukuza nyingi zilizowahi kuwakumba: msitu lazima uokolewe.

Wakati huo ilikuwa imepita miaka sita tangu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, itamke kwamba kuwafukuza Waogiek katika Mau ni kuvunja haki zao. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na ushei tangu mahakama hiyohiyo iiamuru Kenya iwalipe fidia, iwapimie ardhi yao na kuwapa hatimiliki ya pamoja. Jamii iliyokuwa inabomolewa nyumba ilikuwa imeshinda kesi yake mbele ya chombo cha juu kabisa cha haki za binadamu barani.

Kisa cha Waogiek kinatufundisha jambo ambalo serikali za Afrika Mashariki zimekuwa zikilikwepa kwa miongo mingi. Jamii za asili hazikuwa maskini kwa sababu ya mila zao. Zimefanywa maskini kwa kunyang'anywa ardhi. Ndiyo maana sera ya kuziinua isiyoanzia kwenye ardhi, tena kwa ridhaa ya wenyewe, hubaki kuwa sadaka tu. Unga wa msaada, blanketi, karo ya mtoto mmoja mmoja na kiti cha heshima bungeni ni vitu vyenye faida, lakini havirudishi kilichochukuliwa.

Msitu wenye wenyewe

Waogiek ni wawindaji na warina asali. Lugha yao ni ya kundi la Kikalenjin, na makao yao tangu zamani ni misitu ya nyanda za juu, hasa Mau. Mizinga yao huchongwa kwa magogo na kutundikwa juu mitini, na maisha yao yalikwenda na maua ya msitu. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake unaopanda kutoka sehemu za chini hadi kwenye miinuko yenye baridi, ili maua yakiisha chini, asali iwe inaiva juu. Mzinga ulikuwa na mwenyewe, ukanda ulikuwa na ukoo wake, na vyote vilirithiwa. Asali ilikuwa chakula, dawa, kinywaji cha sherehe na sehemu ya mahari, na pia bidhaa ya kubadilishana na Wamasai na majirani wengine.

Kwa maneno mengine, Mau ilikuwa na wenyewe, mipaka na sheria ya urithi. Ilichokosa ni alama ambazo serikali ya kikoloni ilizitambua kuwa ni umiliki: shamba lililolimwa na boma la ng'ombe. Mzinga ulio juu ya mti haukuhesabiwa. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, chini ya Jaji Morris Carter, ilipendekeza kwamba watu hawa, ambao wakoloni waliwaita Dorobo, wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo zaidi. Walitakiwa wamezwe humo wasionekane tena.

Pendekezo hilo lina matokeo hadi leo. Wakulima na wafugaji wa Kenya waliporwa ardhi nyingi nzuri na walowezi, na machungu yake yanajulikana. Hata hivyo walibakiziwa maeneo yaliyoandikwa kwa majina ya makabila yao. Uhuru ulipokuja, maeneo hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa wilaya, mabaraza na majimbo ya uchaguzi. Jamii iliyoingia kwenye uhuru bila eneo iliingia pia bila mbunge na bila diwani, na bila ofisi ya kupigania barabara na shule yake. Unyonge wa Waogiek katika siasa za Kenya ulianza na ramani.

Nani aliukata Mau?

Mau si msitu wa kuchezea. Ndio msitu mkubwa kuliko yote ya milimani Afrika Mashariki. Mto Mara huanzia huko, ukapita hifadhi ya Masai Mara, ukaingia Serengeti na kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mto Njoro hupeleka maji Ziwa Nakuru, Sondu hushuka kwenda Ziwa Victoria, na Ewaso Ng'iro ya Kusini huelekea Ziwa Natron, nchini Tanzania. Nyumbu, wakulima wa chai na wavuvi wa nchi mbili wanautegemea msitu huu. Serikali ikisema Mau lazima ilindwe, inasema kweli tupu. Swali ni ilindwe dhidi ya nani.

Marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka 1999 iliacha kampuni chache kubwa ziendelee kukata. Mwaka 2001 serikali yenyewe iliidhinisha kumega makumi ya maelfu ya hekta za Mau. Ilielezwa kwamba ardhi hiyo ingekuwa makao ya wasio na ardhi, wakiwemo Waogiek, lakini uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa wenye vyeo na wenye jina katika siasa. Jopo la serikali lililoundwa kuchunguza hali ya Mau lilieleza mwaka 2009 kwamba takriban robo ya msitu ilikuwa imepotea katika kipindi kisichozidi miongo miwili. Visababishi lilivyovitaja ni kumegwa kwa msitu ili kutoa makazi, uvamizi wa watu kutoka nje, na vibali vya kukata mbao vilivyotolewa bila busara.

Oktoba 2009 Huduma ya Misitu ya Kenya ilitoa notisi ya siku 30: wakazi wote wa msitu waondoke. Notisi haikumtenganisha aliyezaliwa na nyuki na aliyekuja na msumeno. Ndipo mashirika ya kutetea haki, likiwemo shirika la Waogiek wenyewe, Ogiek Peoples' Development Program, yalipopeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2012 Tume iliifikisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika.

Mtego wa utambulisho

Kabla ya safari hiyo, Waogiek walikwishajaribu mahakama za nyumbani. Machi 2000 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitupilia mbali kesi ya Waogiek wa eneo la Tinet waliopinga kufukuzwa. Miongoni mwa hoja za majaji ilikuwa kwamba watu hawa wamebadilika: wanajenga nyumba, wanalima, wana shule na maduka. Kwa mtazamo huo, asiyeishi tena kwa kuwinda na kurina peke yake hana sababu ya kuudai msitu kama makao ya mababu zake.

Mtego uliotegwa hapo umewanasa watu wa asili katika nchi nyingi. Wakiishi kama babu zao huitwa washamba wanaohitaji kustaarabishwa, na ardhi yao huchukuliwa kwa ajili ya maendeleo. Wakisoma, wakilima viazi na kununua simu, huambiwa wamekwisha kuwa kama wengine, hivyo hawana haki ya pekee. Hakuna namna ya kuishi itakayowaokoa, kwa sababu kipimo kimewekwa na yule anayeitaka ardhi. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini Mwogiek aliyezuiwa kuwinda, akakatiwa miti ya kutundikia mizinga na kufukuzwa mara kwa mara, mila yake hakuiacha. Alinyang'anywa.

Mkikuyu anayeishi Nairobi kwenye ghorofa ya kumi haambiwi kwamba amekoma kuwa Mkikuyu, wala shamba la babu yake Murang'a halichukuliwi kwa sababu ameacha kulima mtama. Kwa nini Mwogiek peke yake athibitishe ukabila wake kwa kuvaa ngozi?

Mahakama ya Arusha iliuvunja mtego huu. Serikali ya Kenya ilidai kwamba Waogiek wa sasa ni mchanganyiko wa makabila na wamebadilisha maisha yao. Katika hukumu ya tarehe 26 Mei 2017, majaji walisema kwamba utamaduni hauhitaji kuganda ili uwe utamaduni, na kwamba mabadiliko mengine katika maisha ya Waogiek yamesababishwa na vizuizi vya serikali yenyewe. Kwa hiyo haikuwa haki kwa serikali kuwatoa watu kwenye maisha yao, kisha ikayageuza mabadiliko hayo kuwa ushahidi dhidi yao.

Walichosema majaji

Hukumu ya 2017 iliikuta Kenya imevunja ibara kadhaa za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu: haki ya kutobaguliwa, uhuru wa dini, haki ya mali, haki ya utamaduni, haki ya kufaidi maliasili na haki ya maendeleo. Majaji waliikataa hoja moja ya walalamikaji, ile ya haki ya kuishi, na hilo laonyesha kwamba walipima kila dai kwa uzito wake.

Kuhusu mali, walikubali kwamba ardhi inaweza kuwa mali ya jamii nzima na si ya mtu mmoja mmoja tu. Kuhusu dini, walitambua kwamba sehemu za ibada za Waogiek zimo msituni, na anayezuiwa kufika huko amezuiwa kuabudu. Kuhusu ubaguzi, waliona kwamba jamii nyingine za Kenya zimetambuliwa na kupata haki zinazotokana na kutambuliwa, lakini Waogiek walinyimwa. Na hoja ya uhifadhi ilianguka kwa ushahidi wa serikali yenyewe, kwa kuwa ripoti zake zilikuwa zimeonyesha kwamba walioumaliza msitu ni wengine.

Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia. Kenya iliamriwa kulipa shilingi milioni 57.85 za Kenya kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara mengine waliyopata, fedha hizo ziingie katika mfuko wa maendeleo ya jamii. Iliamriwa pia ipime ardhi ya Waogiek, iiwekee mipaka na kutoa hatimiliki ya pamoja, yote kwa kushauriana nao. Palipo na wapangaji na kampuni juu ya ardhi hiyo, serikali izungumze nao. Wasipoafikiana, iwalipe wao fidia na kuirudisha ardhi kwa wenyewe.

Tazama kiasi cha fedha. Katika kesi ilielezwa kwamba Waogiek ni watu wapatao 20,000, na karibu 15,000 kati yao wanaishi Mau. Ukigawa fedha zote kwa watu hao 20,000, kila mmoja hafikishi shilingi 8,000. Hakuna aliyepigana miaka yote hiyo kwa ajili ya shilingi 8,000. Walipigania ardhi, na sehemu hiyo ya hukumu haijatekelezwa. Baada ya hukumu ya kwanza, serikali iliunda kikosi kazi mwaka 2017, ikaunda kingine mwaka 2018. Kilichofuata Sasimwani mwaka 2023 tumekwisha kukiona.

Somo kutoka kwa majirani

Waogiek hawako peke yao. Huko Baringo, Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria mwaka 1973 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika iliwapa haki yao, na uamuzi huo uliidhinishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010. Mwaka 2011 ziwa hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Dunia ililitambua ziwa haraka kuliko Kenya ilivyowatambua wenye ziwa, na utekelezaji wa uamuzi wao umekuwa wa kusuasua.

Uganda nayo iliwatoa Watwa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipoigeuza kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991. Leo watalii hulipa mamia ya dola kwa saa moja ya kuwatazama sokwe, na Watwa wengi wa eneo hilo ni vibarua kwenye mashamba ya watu. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba kuondolewa huko kuliwaacha katika hali mbaya na kwamba wanastahili hatua za kuwanyanyua. Burundi ilichagua njia ya uwakilishi: katiba yake ya 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Hatua hiyo ni nzuri na nchi nyingine ziige, lakini mbunge asiye na ardhi ya kuitetea hubaki na sauti tu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kulinda haki za jamii zake za asili za msituni, na sasa itapimwa kwa hekta zitakazoandikwa kwa majina ya jamii hizo.

Mfano unaotia moyo zaidi uko Tanzania. Mwaka 2007 bonde la Yaeda, makao ya Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, lilikaribia kugeuzwa uwanja wa uwindaji wa kampuni ya kigeni. Wahadzabe walipinga, mpango ukafa. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja juu ya takriban hekta 20,000. Kwa kuwa ardhi ni yao kwa maandishi, waliweza kuingia katika biashara ya hewa ukaa: wanautunza msitu, na malipo huenda kwenye matibabu, karo na walinzi wa doria wanaotoka miongoni mwao. Shinikizo la wafugaji na wakulima wanaoingia bado lipo, lakini Mhadzabe anaposimama mbele ya mkuu wa wilaya ana karatasi mkononi. Msitu umebaki na watu wamebaki ndani yake, jambo ambalo Nairobi imekuwa ikisema haliwezekani.

Usawa wa aina gani?

Kenya ina makabila zaidi ya 40, na imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kupanua meza. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walitembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 na kuhakikishiwa uraia. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Kwa jamii hizo kitambulisho kilikuwa ufunguo wa mambo yote: benki, leseni ya uvuvi, ajira, mtihani wa mtoto. Mwogiek tayari ana kitambulisho. Anachokosa ni mahali. Sera ya kijamii inayompa kila mmoja kitu kilekile huku kila mmoja amepungukiwa na kitu tofauti haileti usawa.

Wapo wanaouliza kwa nia njema: tukiwapa Waogiek msitu, kila kabila si litadai wake? Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kujibu. Ibara ya 63 inaitaja ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii, na Ibara ya 260 inazitaja jamii hizo miongoni mwa zilizotengwa. Tatizo ni kwamba Ibara ya 62 inaweka misitu ya serikali na vyanzo vya maji katika ardhi ya umma, na wakuu wameamua kuisoma hiyo peke yake. Wananchi walipoipigia kura katiba hii waliipitisha yote.

Wengine wanasema Waogiek watauza ardhi na kukata miti. Ni kweli kwamba wapo waliouza na wapo wanaolima. Lakini tukumbuke yalivyoanza: katika miaka ya 1990 serikali iligawa sehemu za Mau Mashariki vipande vipande, kila familia na chake. Kipande cha mtu mmoja huuzwa siku mtoto anapougua. Hati ya pamoja, isiyouzika na yenye masharti ya uhifadhi yaliyokubaliwa na jamii nzima, ndiyo kinga ya msitu na ya watu. Mrina asali ana sababu ya kuutunza mti mkubwa ambayo mwenye kiwanda cha mbao hana.

Kazi iliyobaki

Yanayotakiwa kufanywa yanajulikana. Serikali ya Kenya isimamishe kufukuza watu Mau hadi ardhi ipimwe. Iunde timu ya upimaji yenye wazee, wanawake na vijana wa Kiogiek, na ripoti za vikosi kazi vilivyopita ziwekwe hadharani. Fedha za fidia ziingizwe kwenye mfuko ulioamriwa. Huduma ya Misitu iwaajiri Waogiek kuwa walinzi wa msitu kwa mikataba, wala isiwahesabu kuwa wavamizi. Shule za Nessuit, Mariashoni na kwingineko zipewe vitabu vya madarasa ya mwanzo kwa lugha ya watoto wenyewe, badala ya lugha ya jirani mwenye idadi kubwa.

Umoja wa Afrika nao usijifiche. Mahakama ya Arusha haina polisi. Nguvu yake ni uzito ambao nchi wanachama wanaipa. Nchi ikiruhusiwa kupuuza hukumu hii, itakayofuata itapuuzwa pia, na raia yeyote wa Afrika atakayeonewa na serikali yake atakuwa amefungiwa mlango wa mwisho. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo na mnywaji wa maji ya Mara, ina kila sababu ya kusema neno katika vikao vya Umoja huo.

Na wewe msomaji, hasa uliye Kenya, muulize mbunge wako na seneta wako hukumu ya tarehe 23 Juni 2022 imefikia wapi, na uulize tena akikujibu kwa mzunguko. Mahakama ilikwishasema Mau ni ya nani. Kilichobaki ni serikali kutii.